Mchezo Uliobaki Ndani ya Seng'enge

Nianze kwa kukuuliza. Ni mchezo gani wa timu uliowahi kuifikisha Kenya nusu fainali ya Kombe la Dunia? Kandanda hapana, Harambee Stars haijawahi kuukanyaga uwanja wa Kombe la Dunia. Mpenzi wa raga atanyoosha mkono haraka aseme raga ya wachezaji saba kila upande, na hatakuwa amekosea: mwaka 2009 na tena 2013. Ila kuna waliowatangulia. Alhamisi tarehe 20 Machi 2003, siku ileile ambayo Marekani na washirika wake walianza kuivamia Iraq na redio zote zikawa na habari hiyo moja, Wakenya kumi na mmoja waliingia uwanja wa Kingsmead mjini Durban kupambana na India katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi.

Naam, kriketi. Mchezo ambao Wakenya wengi wakiuona kwenye televisheni hubadilisha stesheni. Ukiitaja Kenya popote duniani, watu wanawaza mbio ndefu, wanawaza Iten na Eldoret. Hakuna anayewaza gongo la mbao na wiketi. Leo nataka tuzungumze jinsi mchezo huu ulivyoingia nchini, ulivyopanda hadi pale juu, na kwa nini uliporomoka upesi hivyo. Wengi hupenda kuisimulia hadithi hii kama muujiza uliotokea ukapotea. Mimi sikubaliani nao, na nitakueleza kwa nini.

Kwanza, kwa faida ya asiyeujua mchezo, niupitie mbiombio. Mrushaji anarusha mpira mgumu wa ngozi. Mpigaji anasimama na gongo bapa akilinda vijiti vitatu vilivyosimikwa nyuma yake. Akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake wanabadilishana ncha kwa kukimbia, na kila mkimbio ni alama. Vijiti vikiangushwa, au mpira ukidakwa kabla haujagusa ardhi, mpigaji ametoka, na hiyo ni wiketi moja. Mirusho sita inafanya ova moja. Katika mechi ya siku moja kila upande unapewa ova hamsini. Yapo mengine mengi, hata waamuzi wenyewe huyabishania, lakini kwa mazungumzo yetu haya yanatosha.

Kriketi iliingia kupitia Mombasa. Mechi ya kwanza iliyoandikwa ilichezwa huko mwaka 1896, mwaka uleule reli ya Uganda ilipoanza kujengwa. Reli ilileta Waingereza wa kusimamia, ikaleta na maelfu ya Wahindi wa kufanya kazi. Wote wawili walikuwa na mchezo mmoja mioyoni, lakini hawakuucheza pamoja. Kuanzia 1910 mechi kubwa ya nchi ilikuwa kati ya maofisa wa serikali na masetla, yaani Wazungu kwa Wazungu. Ilipofika 1933 ndipo Wazungu na Waasia walipoanza kupambana rasmi. Vilabu navyo vikajengwa kwa kufuata dini na asili: Waismailia na uwanja wao, Masingasinga na wao, Wagoa na wao, Wapatel na wao. Majina bado unayasikia Nairobi: Aga Khan, Sir Ali Muslim, Simba Union, Gymkhana, Kanbis, Ruaraka.

Mwafrika alikuwa wapi? Alikuwemo uwanjani, tena kila siku. Yeye ndiye aliyekata nyasi. Yeye ndiye aliyetandika ule mkeka mrefu wa nyuzi za nazi juu ya murram iliyoshindiliwa, maana pichi nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa za mkeka, na yeye ndiye aliyeukunja jioni. Kucheza hakuitwa.

Kuna jambo moja la miaka ile ambalo halisemwi vya kutosha. Mwaka 1958 ilikuja timu kutoka Afrika Kusini, timu ya wasio Wazungu, nahodha wake akiwa Basil D'Oliveira, mtu ambaye kwao alizuiwa kuichezea nchi yake kwa sababu ya rangi. Baadaye alihamia Uingereza, akaichezea Uingereza, na mwaka 1968 serikali ya Afrika Kusini ilipokataa kumpokea ndani ya kikosi hicho, ziara yote ikavunjika na dunia ikaamka. Mtu huyo alicheza hapa Kenya kabla dunia haijamjua. Angetazama kando ya uwanja, angewaona watu wenye hali kama yake, wamesimama na mapanga ya kukatia nyasi.

Uhuru ulikuja. Vilabu havikubadilika sana. Kombe la Dunia la kwanza lilipoandaliwa Uingereza mwaka 1975, sisi tulipeleka timu moja ya pamoja iliyoitwa Afrika Mashariki: Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Nahodha alikuwa Harilal Shah wa Kenya. Tanzania ilitoa wachezaji kama Praful Mehta na Shiraz Sumar. Weusi walikuwa wawili tu katika kikosi kizima, na wote wawili ni Waganda: Sam Walusimbi na John Nagenda, yule Nagenda ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa kalamu yake na kwa kuwa mshauri wa Rais Museveni.

Walipigwa vibaya. New Zealand walijaza mikimbio 309, na Glenn Turner peke yake alipata 171 bila kutoka. Uingereza waliwatoa kwa mikimbio 94. Na India? Mrushaji wao Bishan Bedi alimaliza ova kumi na mbili, nane kati ya hizo bila kutoa hata mkimbio mmoja, na jumla yake yote aliachia mikimbio sita. Wapigaji wetu walikuwa wanaulinda mpira tu, wakiomba jua lizame. Waingereza walicheka kidogo kwa adabu, timu ikarudi nyumbani, na watu wakasahau.

Lakini pembeni mwa viwanja vya Nairobi kulikuwa na jambo linaloota polepole. Vilabu viko mijini, na wafanyakazi wa vilabu na wa mitaa ya jirani wana watoto. Mtoto anayekulia karibu na uwanja huokota mipira. Akishaokota ya kutosha, atataka kurusha. Siku timu ina upungufu wa mtu mmoja, ataitwa. Ndivyo familia nzima za Waluo na Waluhya zilivyoingia katika kriketi, ndugu kwa ndugu. Angalia majina: Tom, David na Steve Tikolo. Edward na Maurice Odumbe. Martin na Tony Suji. Kennedy Otieno na wadogo zake David na Collins Obuya. Baadaye ukoo wa Ngoche ukatoa ndugu wanne katika timu ya taifa ya wanaume, na dada zao wakachezea ya wanawake.

Shikilia hapo, msikilizaji. Majina hayo yanapendeza kusikika, na waandishi wa nje waliyapenda sana, lakini ndani yake mna ugonjwa wote uliokuja kutuua. Nchi yenye watu mamilioni haiwezi kupata timu yake ya taifa kutoka nyumba chache zilizopakana na ua wa vilabu, halafu ikadhani ina mchezo. Ilikuwa na bahati ya majirani.

Bahati hiyo, hata hivyo, ilikuwa na kazi ndani yake. Ligi ya Nairobi ya miaka ya themanini na tisini haikuwa ya mchezomchezo. Vilabu vilikuwa vinaalika wachezaji kutoka India na Pakistan, na kijana wa Nairobi alikabiliana nao kila Jumapili. Steve Tikolo, mpigaji bora zaidi aliyewahi kutoka Kenya, alikwenda kucheza Afrika Kusini na timu ya Border. Mwaka 1994 mashindano ya kufuzu yaliletwa Nairobi, na Kenya ikafika fainali pale Ruaraka. Ilipata mikimbio 281 na bado ikafungwa na Falme za Kiarabu. Lakini tiketi ya Kombe la Dunia la 1996 ilikuwa imepatikana.

Sasa twende Pune, India, tarehe 29 Februari 1996. Upande wa pili ni West Indies, mabingwa wa dunia wa 1975 na 1979, na ndani yao yumo Brian Lara, aliyekuwa na rekodi ya mikimbio mingi zaidi ya mpigaji mmoja katika zamu moja ya mechi ya Test, yaani ile ya siku tano. Kenya ilipiga ikatolewa kwa 166. Mchango mkubwa kuliko wa mpigaji yeyote ulitoka kwa West Indies wenyewe, mikimbio 37 ya bure waliyoigawa kwa makosa ya urushaji na ulinzi. Watu wakaanza kufunga virago, mechi imekwisha. Kisha Lara akaja na kuondoka na mikimbio minane: Rajab Ali alirusha, mpira ukaugusa ukingo wa gongo, na mlinda wiketi Tariq Iqbal, ambaye siku hiyo mipira ilikuwa inamponyoka, huu mmoja akaushika. Maurice Odumbe alichukua wiketi tatu kwa mikimbio 15. West Indies nzima ikatoka kwa 93. Baada ya mashindano hayo nahodha wao, Richie Richardson, aliachia ngazi.

Mwaka huohuo kriketi ya Kenya iliadhimisha miaka mia, na Nairobi ikaandaa mashindano. Tarehe 4 Oktoba, uwanja wa Gymkhana, kijana wa Pakistan aitwaye Shahid Afridi alipata mikimbio mia moja kwa mipira 37 dhidi ya Sri Lanka, rekodi iliyodumu hadi siku ya kwanza ya 2014. Gongo alilotumia lilikuwa la Sachin Tendulkar. Mwaka 2000 Gymkhana ikapokea tena dunia, mashindano ya mchujo ambayo New Zealand ilitwaa kombe. Kabla ya hapo, Mei 1998, Kenya ilikuwa imeishinda India nyumbani kwao Gwalior kwa mikimbio 69. Kwa hiyo mtu akikwambia 2003 ilikuwa ajali, mwambie ajali haichukui miaka saba kutokea.

Tufike 2003 basi. Kombe lilikuwa Afrika Kusini, na Kenya na Zimbabwe zilipewa mechi chache za kuandaa. Miezi michache kabla, Novemba 2002, hoteli moja ya Kikambala, kaskazini ya Mombasa, ilikuwa imelipuliwa na magaidi. New Zealand wakasema Nairobi hawaji. Pointi zikaenda kwa Kenya bila mpira kurushwa. Wanaoibeza Kenya hushikilia jambo hilo hadi leo: mlipewa. Sawa, hizo tulipewa. Lakini Jumatatu tarehe 24 Februari Sri Lanka walikuja Gymkhana, kikosi kamili, nao hawakutupa chochote.

Kenya ilipiga 210, Kennedy Otieno akichangia 60. Sri Lanka walipoanza kujibu, Steve Tikolo alimpa mpira Collins Obuya, mdogo wake Otieno. Huyu ndiye kijana ambaye magazeti ya nje yalimpachika jina la muuza nyanya. Alikuwa anarusha mipira ya kuzunguka, ile inayotua ikageuka upande usioutarajia. Aravinda de Silva akatoka. Mahela Jayawardene akatoka. Obuya akamaliza na wiketi tano kwa mikimbio 24, Sri Lanka wakatolewa kwa 157, na wachezaji wakazunguka uwanja mbio huku watu wakiimba. Afrika Kusini, mwenyeji mkuu, alitolewa hatua ya makundi. Kenya ikasonga mbele, ikaifunga na Zimbabwe kule Bloemfontein, na nusu fainali ikawa yake.

Hapo katikati mna mtu wa Mombasa ambaye lazima nimtaje, na Wapwani mtanisamehe nikimpa muda. Asif Karim alizaliwa Mombasa. Alikuwa mchezaji wa tenisi pia, aliyeiwakilisha Kenya katika Davis Cup. Alikuwa ameshastaafu kriketi, ana shughuli zake za bima, umri umekaribia arobaini, ndipo akaombwa arudi. Tarehe 15 Machi, Durban, Australia walikuwa wanafukuza 175 kana kwamba wana basi la kuwahi. Karim akapewa mpira. Ricky Ponting akatoka. Darren Lehmann akatoka. Brad Hogg akatoka. Alirusha ova nane na mirusho miwili, sita kati ya ova hizo bila mkimbio hata mmoja, wiketi tatu, mikimbio saba. Australia walishinda, kama walivyoshinda kila mechi ya mashindano yale, lakini mchezaji bora wa siku alikuwa Karim. Hakukuwa na nguvu wala kasi katika urushaji wake. Alikuwa anauweka mpira pale anapotaka, na bingwa wa dunia hakujua aufanye nini. Baadaye mwanawe, Irfan, naye akaichezea Kenya.

Nusu fainali yenyewe haina mengi. Sourav Ganguly alipata 111, Tendulkar 83, India 270. Tikolo alipigana peke yake akapata 56, Kenya ikaishia 179. Siku iliyofuata kila mtu duniani aliipongeza Kenya, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama.

Unajua timu iliyofika nusu fainali ilipewa nini? Mechi za kimataifa za siku moja zilikauka. Kuanzia Septemba 2004 hadi Februari 2006 Kenya haikucheza hata moja. Nchi kubwa hazikutaka kuja na hazikutaka kualika, na ombi la Kenya la kuingia katika kundi la nchi za Test halikufika popote, ingawa Bangladesh, ambayo Kenya iliifunga mwaka 2003, ilikuwa imeshaingia tangu 2000. Hilo ni kosa la wakubwa wa mchezo huko nje, na siwaondolei lawama.

Lakini tusiwe watu wa kunyooshea kidole Dubai na London tu. Nyumbani, wachezaji waligoma wakidai malipo. Mwaka 2004 Maurice Odumbe alifungiwa miaka mitano kwa uhusiano na mcheza kamari, tuhuma alizozikana. Chama cha kriketi kiligubikwa na ugomvi hadi kikaondolewa mwaka 2005 na kingine kikaundwa. Wadhamini wakajiondoa kimyakimya. Na jambo kubwa kuliko yote halikufanywa: hakuna aliyeutoa mchezo nje ya seng'enge. Wakati watoto wa Nairobi walipokuwa wanataka kujua Obuya aliurushaje ule mpira, shule za umma hazikupata magongo, Kisumu na Nakuru hazikupata viwanja vya maana, kule Kakamega nyumbani kwa mashabiki wakali wa michezo hakukupelekwa hata mkeka. Kizazi cha Tikolo kilizeeka kikiwa bado uwanjani kwa sababu nyuma yake hakukuwa na mtu. Kombe la 2011 Kenya ilipoteza mechi zote sita. New Zealand waliitoa kwa mikimbio 69 na kuifikia alama hiyo kwa ova nane tu. Mwaka 2014 hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja ikaondoka.

Angalia majirani uone tofauti. Uganda ilikuwa na kriketi ya Waasia kama yetu. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia, dhuluma isiyo na utetezi, na mchezo ulitakiwa ufe. Haukufa, kwa kuwa ulikuwa umeshaingia shuleni, katika shule kama Budo na Mwiri, na watoto wa shule wakauchukua. Mwaka 2023, kule Namibia, Uganda iliifunga Zimbabwe na kufuzu Kombe la Dunia la ova ishirini. Kenya ilikuwa kwenye mchujo huohuo, ikabaki. Juni 2024 Frank Nsubuga, mzee wa miaka 43, alirusha ova zake nne dhidi ya Papua New Guinea akatoa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili, na Uganda ikashinda. Rwanda, ambako kriketi iliota baada ya 1994 pamoja na wakimbizi waliorudi kutoka nchi jirani, ina uwanja mzuri Gahanga tangu 2017. Tanzania nayo, mwaka 2025, vijana wake wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Mwaka huohuo Kenya na Tanzania zilifika nusu fainali ya mchujo wa Afrika mjini Harare, zote mbili zikatolewa. Yaani sasa tuko sawa na jirani tuliyekuwa tukimfundisha.

Si kwamba nyumbani hakuna kitu. Laikipia kuna morani wa Kimaasai wanaocheza kriketi wakiwa na shuka na shanga, na wanautumia mchezo kuhubiri dhidi ya ukeketaji wa wasichana. Mwaka 2013 walikwenda kucheza Uingereza. Watalii wanawapiga picha, mimi nawapenda kwa sababu nyingine: walijifunza mchezo mbali kabisa na klabu yoyote ya Nairobi.

Na Ruaraka bado ipo. Tarehe 23 Oktoba 2024 Zimbabwe walipata hapo mikimbio 344 dhidi ya Gambia katika ova ishirini, idadi ambayo hakuna timu ya taifa iliyokuwa imeifikia katika mechi za aina hiyo. Rekodi ya dunia ikawekwa Nairobi, na jiji halikujua.

Hadi leo Kenya ndiyo nchi pekee isiyocheza Test iliyowahi kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia la ova hamsini. Tangu 2011 haijarudi kwenye kombe hilo. Kwa hiyo neno langu la mwisho nawapelekea wenye vilabu, Nairobi na Mombasa, mnaonisikiliza. Viwanja vyenu siku za kazi viko wazi, na jirani na kila kimoja kuna shule ya msingi. Mwiteni mwalimu wa michezo wiki hii.